Mnada wa kanisani si kamari

"Mnatukataza kubeti, halafu wenyewe mnacheza kamari mbele ya madhabahu!" Maneno haya huyakosi Mwanza kila makanisa yanapouza mavuno kwa mnada. Ila yamechanganya mambo. Jogoo anainuliwa kwa miguu, bei inapanda kutoka elfu ishirini hadi elfu themanini, mshindi analipa na kuondoka na jogoo wake, au anamrudisha auzwe tena. Bahati haipo. Majivuno yapo, tena si haba.

Kamari ni ile bahati nasibu ya tiketi: wengi wanatoa, mmoja anazoa. Na hapo Wakristo hawako pamoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba mchezo wa bahati wenyewe ni dhambi. Unakuwa mwovu unapomnyima mtu riziki yake na ya wanaomtegemea. Waadventista Wasabato wanaukataa kabisa, na hata fedha inayojulikana kutoka kwenye kamari hawaipokei.

Wengine hutetea tiketi kwa kura iliyompata Mathiya, mtume aliyechukua nafasi ya Yuda (Matendo 1:26). Wapi! Pale hakuna aliyeweka dau.