Kingamwili za labo zinazotambua vipokezi vya saitokini

Saitokini ni protini ndogo zinazotolewa na seli za kinga ili kuamsha seli nyingine au kuzituliza. Ila seli isiyo na kipokezi cha saitokini fulani haiitikii saitokini hiyo. Kipokezi nacho ni protini, kimechomoza juu ya utando wa seli, na anayetaka kujua ni seli ipi itakayoitika hukitafuta kwa kingamwili, protini inayoshika shabaha yake maalumu.

Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vijidudu. Za labo huundwa kwa makusudi. Mwaka 1975, Köhler na Milstein kule Cambridge waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, wakapata seli inayozaliana bila kikomo na kutoa kingamwili ya aina moja tu. Kingamwili hiyo ikifungwa rangi, seli iliyoshikwa nayo inang'aa kwenye mwanga wa leza. Watu wa labo hapa Bukavu wanaijua mbinu hii kupitia kipimo cha CD4, protini iliyo juu ya baadhi ya seli za kinga, cha wagonjwa wa VVU. CD4 kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa vipokezi vya saitokini, lakini CD25, sehemu ya kipokezi cha saitokini iitwayo intaleukini-2, husomwa vilevile.

Wanafunzi wengi hukwama hapa: kingamwili inayofanya kazi vizuri kwenye seli hai inaweza kushindwa kabisa kwenye protini iliyochemshwa. Chukua kitenge cha soko la Kadutu kilichoshonwa gauni. Pale mshono unapokutanisha maua mawili, umbo jipya linatokea. Fumua mshono, kitambaa kipo lakini umbo halipo. Kuna kingamwili zinazoshika umbo kama hilo tu, na kuchemsha hukunjua protini.

Na hata kingamwili ikishika protini iliyochemshwa, bado kuna mtego. Protini za sampuli hiyo hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, na kila inayoshikwa na kingamwili huonekana kama mstari. Ukiona mstari kwenye kilodaltoni 55 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), uzito wa CD25, usiamini bado. Gawa damu ya mtu mmoja katika mirija miwili: mmoja uamshe seli T zake, aina ya seli za kinga, kwa fitohemaglutinini, protini ya mmea inayoziamsha, siku mbili tatu, mwingine uache zitulie. Mstari unapaswa kukolea kwenye seli zilizoamshwa na kufifia sana kwenye zilizotulia. Ukilingana pande zote mbili, kingamwili huenda inashika protini nyingine, hata kama kilodaltoni ni zilezile.

Kichupa kimoja cha kingamwili hugharimu dola mia kadhaa kabla ya usafiri. Kabla ya kuagiza, mwombe muuzaji picha za majaribio yaliyofanywa kwa mbinu utakayotumia, kwenye seli za binadamu, pamoja na seli zisizo na kipokezi hicho.