Mzigo mdogo hauhitaji ushuru wa forodha mpakani
Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: eti mfanyabiashara mdogo hawezi kuuza maharage nchi jirani bila ajenti na ushuru mkubwa. Si kweli. Ndani ya umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005, bidhaa zilizozalishwa humu, zilizomo kwenye orodha ya pamoja na zisizozidi dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha. Cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imezalishwa humu, hugongwa muhuri palepale mpakani, Namanga au Busia.

Watu huchanganya ushuru na ada nyingine, kama ya cheti cha afya ya mimea, ambacho bado kinatakiwa. Dai risiti, usome kilichoandikwa. Una shaka? Uliza dawati la forodha. Ila tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo wa uongo; unamsukuma mama mwenye magunia matatu apite njia za panya.