Mabati ni mepesi, zege si jepesi

Swali linaloletwa ofisini kwetu karibu kila wiki ni hili: "Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita. Je, tunaweza kupandisha ghorofa, chini tukae wenyewe, juu tupangishe?" Anayeuliza huwa ameshapiga hesabu ya kodi mpaka senti ya mwisho. Hesabu ya uzito hajaigusa.

Tuipige. Sakafu ya zege ya mita 10 kwa 10, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 15. Zege lenye nondo huwa na takriban tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo sakafu moja tu ni tani 36, kabla ya kuta, tangi la maji, makabati na wapangaji. Nyumba za zamani za Magomeni au Ilala, jijini Dar es Salaam, zile za korido katikati na vyumba vitatu kila upande, zilijengwa kubeba mabati. Nyingi hazina nguzo hata moja. Ukuta wenyewe ndio umelibeba paa, na msingi ni mfupi. Fundi anayekuambia ataongeza nguzo nne za pembeni na mambo yataisha, muulize nguzo hizo zitasimama juu ya nini.

Njia ya kujua ni kuchimba. Mashimo mawili matatu kando ya ukuta yataonyesha kina cha msingi. Udongo upelekwe maabara, kisha mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aseme. Mara nyingi atasema bomoa. Najua inauma, hasa nyumba ya mzazi. Lakini hata Magomeni Kota hakuna aliyepandisha ghorofa juu ya nyumba za zamani: zilibomolewa, na maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 yakaanza na misingi yake.

Na lile la "chini tukae" wakati juu mafundi wanamwaga zege, lifute kabisa. Jengo la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na watu ndani wakiendelea na biashara zao. Waliokufa walizidi 20.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri kwa michoro uliyopeleka. Ukiombea ghorofa tatu, usijenge ya nne kwa sababu saruji imebaki. Choo nacho kinasahaulika: shimo lililotosha nyumba moja halitatosha familia nane, na ua wa kuchimbia jingine huenda umeshaumezwa na jengo.

Wasio na mtaji huingia ubia: familia inatoa kiwanja, mwekezaji anajenga, wanagawana. Kwanza mirathi ikamilike, la sivyo ndugu mmoja atazuia kazi katikati. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila nyumba ndani ya ghorofa iwe na hati yake, hivyo mkataba utaje namba za nyumba zenu, si "asilimia fulani ya jengo". Utaje pia nani analipia lifti ikiharibika, na paa ni la nani. Kampuni za simu hulipa kodi kuweka minara juu ya paa, na wanafamilia wengi hulijua hilo mnara ukiwa umeshasimama.