Binti yangu alipokuwa dereva: mchana mmoja kwenye bustani ya barabara ya Suginami

Kazi yangu ni kukagua barabara zinazopita mbele ya shule. Tulipokuwa Tokyo nilimpeleka binti yangu wa miaka sita kwenye bustani ya watoto ya kujifunzia usalama barabarani iliyoko Suginami, tukakaa mpaka karibu wanafunga.

Ni mji mdogo kamili: barabara zimechorwa mistari, taa zinawaka, kuna alama na vivuko vya pundamilia. Baiskeli na vigari vya kukanyaga huazimwa bure. Pembeni kipo kichwa cha treni ya mvuke, D51, na hapo ilibidi nimbembeleze sana kuondoka. Japani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo "kulia, kushoto, kulia tena" aliyofundishwa chekechea Dar es Salaam ilifaa vilevile.

Binti yangu akiwa ndani ya kigari, mvulana mmoja alinyoosha mkono juu, kama wafanyavyo watoto wa huko wanapovuka, akaingia kwenye pundamilia. Binti yangu alikuwa anaangalia pedeli. Alisimama kwa kuchelewa, akanigeukia: "Baba, yule kaka aliniona. Mbona mimi sikumwona?"

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Mtoto mdogo huamini kwamba akiliona gari, dereva naye kamwona. Unaweza kumhubiria mwaka mzima asielewe. Mkalishe kwenye usukani, ataelewa mara moja.

Lakini bustani ina mpaka wake. Mwaka 1970 ajali za barabarani Japani ziliua watu 16,765. Mwaka 2023, 2,678. Kushuka huko kumetokana na mengi nje ya bustani: njia za miguu, taa, mikanda, sheria kali za ulevi. Tena lipo jambo la jicho. Watafiti wa chuo kikuu cha Royal Holloway, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kutegemewa kung'amua gari linalowajia kwa zaidi ya kilomita 32 hivi kwa saa. Kwetu kikomo katika maeneo ya makazi ni 50! Hakuna mchezo utakaomkomaza jicho kabla ya umri wake.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu kujenga bustani kama ile, naanza na matuta na njia ya miguu kwenye geti la shule. Amend, shirika la usalama barabarani, walifanya hivyo kuzunguka shule za Dar es Salaam.

Mchezo wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Chora kivuko kwa chokaa uwanjani. Mtoto mmoja asukume tairi kuukuu kwa kijiti, awe gari. Weka dawati pembeni liwe daladala iliyosimama kituoni, mwenzake atokee nyuma yake. Mwenye tairi atashtuka. Kisha wabadilishane nafasi, na kila mmoja aeleze alichokiona na asichokiona.