Fidia ya kifo si bei ya marehemu

Ndege ndogo zikigongana angani popote pale, Arusha huongea kama imetokea Kisongo, kwenye uwanja wetu wa ndege. Si ajabu, nusu ya mji inakula kwa watalii wanaorushwa na Cessna kwenda Seronera. Baada ya ajali ya Machi 5, 2024 juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Dash 8 ya abiria ilipogongana na Cessna 172 ya mafunzo na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafa, ile kauli ikarudi vijiweni: "Familia zitalipwa bei ya marehemu."

Hapana. Madai ya fidia ya kifo ni kesi ya madai inayofunguliwa kwa ajili ya waliokuwa wakimtegemea marehemu, dhidi ya aliyesababisha kifo kwa uzembe. Hakuna Jamhuri, yaani serikali inayoshtaki, humo, wala kifungo.

Wanaosema "bei" wana diya, fidia ya damu ya Kiislamu, kichwani, au ng'ombe wanaolipwa Umasaini mtu akiuawa. Huko damu ndiyo inayolipiwa. Mahakamani damu hailipiwi, na sheria ya Kiingereza tuliyorithi ilianza kwa kukataa hata kuzungumzia kifo. Mwaka 1808, katika kesi ya Baker dhidi ya Bolton, gari la farasi lilipinduka, mke wa Baker akaumia na kufariki kama mwezi mmoja baadaye. Jaji Ellenborough akasema kifo cha mtu hakiwezi kulalamikiwa kama dhara kwenye kesi ya madai. Mume akapata pauni 100 kwa michubuko yake na kwa kumkosa mkewe hadi siku alipokata roho. Kuanzia hapo, sifuri. Yaani kumjeruhi mtu kulikuwa na gharama kuliko kumuua! Ilikuwa hivyo hadi 1846, reli zikiwa zimeshaanza kuua watu, ndipo Bunge la Uingereza likawapa haki mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu. Sura ya 310 ya sheria zetu za Tanzania, inayohusu fidia ya kifo, ni mjukuu wa sheria ile.

Kinachopimwa, basi, ni pengo. Alikuwa akiingiza kiasi gani, akitumia kiasi gani mwenyewe, kilichobaki kilimfikia nani, na kingeendelea kwa miaka mingapi? Ndiyo maana wakili ataulizia risiti za ada na taarifa za miamala ya simu kabla ya picha za msiba. Mama wa Ngaramtoni aliyekuwa akitumiwa hela kila mwisho wa mwezi ana madai. Binamu tajiri aliyelia kuliko wote hana. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Ndege zikiwa mbili, lawama nayo inaweza kugawanywa. Rubani aliyekufa akionekana naye alizembea, fidia ya wanaomtegemea kwa kawaida hupungua kwa kadiri hiyo. Na ripoti ya wachunguzi wa ajali si hukumu: Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi ule ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kubebeshwa lawama.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akiuliza "wamemthamini kiasi gani?", usigombane naye. Mwambie tu kwamba aliyethaminiwa si marehemu. Kilichohesabiwa ni ada, kodi ya nyumba na unga ambavyo havitaletwa tena.