"Love's Philosophy": yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wimbo huu wa Roger Quilter, mtunzi Mwingereza, ulitoka mwaka 1905, wa kwanza katika nyimbo tatu za Opus 3, yaani kazi yake ya tatu katika orodha ya tungo zake. Una sauti moja na piano moja, na huisha kabla ya dakika mbili. Maneno ni ya Percy Bysshe Shelley, mshairi Mwingereza wa mkondo wa ulimbwende (Romanticism). Ni mfupi, lakini yasemwayo juu yake ni mengi, na mengine si kweli.

"Ni wa huzuni ya mapenzi, kwa hiyo uimbwe polepole."

Hii ndiyo dhana inayouharibu zaidi. Quilter mwenyewe ameandika mwanzoni mwa noti, kwa Kiitaliano, kwamba uende mbio sana, karibu na presto, yaani mwendo wa kasi mno. Na shairi halina kilio chochote. Mtu anatongoza! Chemchemi huungana na mto, mto na bahari, pepo za mbinguni huchanganyika. Hakuna kilicho peke yake duniani, basi kwa nini sisi tusiungane? Ubeti wa pili anaongeza mashahidi: milima inabusu mbingu, mawimbi yanakumbatiana, mbalamwezi inabusu bahari. Kisha anauliza mabusu yote hayo yana faida gani ikiwa wewe hunibusu.

Hoja yenyewe haina mashiko. Mawimbi hayana hiari, anayeombwa busu anayo. Naamini msemaji analijua hilo fika, na utamu wa shairi uko hapo hapo. Katika nakala ya mkono iliyoko Harvard, Shelley amelipa jina linalolihusisha na Anacreon, Mgiriki wa kale aliyesifu mvinyo na mahaba. Anayeuimba kwa uso wa msibani hajamwelewa mtongozaji huyu.

"Piano inasindikiza tu."

Jaribu kuipiga. Noti ndogo ndogo zinaanza kutiririka kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na hazipumziki. Maji yanayotajwa na shairi yanasikika kwenye vidole. Mpiga piano akizidiwa, mwendo unapungua, na mwimbaji anajikuta pumzi imekwisha kabla ya mstari kuisha. Kisha watu husema mwimbaji ni dhaifu, kumbe tatizo limeanzia kwenye piano.

"Shairi na muziki ni vya zama moja."

Hapana. Shairi lilichapishwa Desemba 1819 katika The Indicator, gazeti la mwandishi Leigh Hunt. Shelley alizama baharini Italia mwaka 1822, na Quilter akazaliwa 1877. Wala Quilter si wa kwanza kulitungia muziki: mtunzi Mfaransa Gounod alimtangulia, na Mwingereza Delius pia, mwaka 1891.

"Ni muziki wa Kiingereza mtupu."

Quilter ni mtu wa Hove, Uingereza, sawa. Ila utunzi alijifunza Frankfurt, Ujerumani, kwa mwalimu Iwan Knorr, alikosoma pia watunzi wenzake Percy Grainger, Mwaustralia, na Cyril Scott, Mwingereza.

"Ni wa wanaume wenye sauti ya tenori (sauti ya juu ya kiume)."

Dhana hii ina chanzo chake: tenori Gervase Elwes, rafiki wa Quilter, alizivumisha sana nyimbo zake. Lakini wimbo umechapishwa kwa sauti za juu na za chini, na masoprano, wanawake wenye sauti ya juu, wanaupenda mno. Shelley naye kaandika "mimi" na "wewe" bila kusema nani ni mume, nani ni mke.