Kusoma kwa kina si kusoma polepole

Kila muhula ukianza, walimu na wazazi wa huku Kisumu tunawaambia watoto wa sekondari jambo moja: someni kwa kina. Ukimuuliza msemaji ana maana gani, kila mtu ana jibu lake. Mmoja anakusudia kusoma polepole. Mwingine, kurudia sura mara tatu kabla ya mtihani. Wa tatu anataka kuona mistari ya kalamu ya rangi mpaka ukurasa mzima uwe wa manjano. Juzi nilimsikia mzazi akijivunia kwamba bintiye amesoma Bayolojia kwa kina, kwa kuwa anaweza kuitoa sura nzima kichwani bila kugusa kitabu. Binti huyo ana kumbukumbu ya ajabu na Mungu amzidishie. Ila alichofanya hakiitwi kusoma kwa kina.

Kusoma kwa kina ni kusoma matini huku ukichunguza ilivyojengwa: inadai nini, dai hilo limesimama juu ya ushahidi gani, mwandishi ana uhakika kiasi gani, na anamjibu nani. Maana ndiyo hiyo, haina mengi. Kinachonikera ni kwamba jina hili limepewa kusoma kwa makini, jambo jema ambalo lina jina lake tayari.

Anayesoma kwa makini hapitwi na kilichoandikwa. Akiulizwa mto fulani unamwaga maji wapi, anajibu. Mtihani wetu wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, umemlea vizuri sana msomaji wa aina hii. Karatasi ya pili ya Kiswahili ina ufahamu wa alama 15 na ufupisho wa alama 15, na maswali mengi huanza na "kwa mujibu wa taarifa". Mtahiniwa mwerevu anajua kwamba jibu limelala mle mle kwenye kifungu, kazi yake ni kuliamsha na kulipanga kwa maneno yake. Sina ugomvi na zoezi hilo. Asiyeweza kueleza taarifa inasema nini hawezi kuihoji. Lakini katika ufahamu ni nadra sana mtoto kuulizwa kama taarifa yenyewe inaaminika, na mwandishi wa kifungu hana jina, hana mpinzani, hana shaka. Anasema tu, nasi tunamwandikia alivyosema.

Vitabu vya kiada navyo ni vile vile. Vinatoa mambo yaliyokwisha kukubaliwa, na ndivyo vinavyotakiwa kuwa, maana huwezi kumwingiza mtoto anayeanza sekondari katika ubishi wa wanasayansi kabla hajajua seli ni nini. Matatizo huanza pale kijana huyo anapofika Chuo Kikuu cha Maseno au cha Egerton, anapewa makala ya kitaaluma, na anayasoma kama alivyokuwa akisoma kitabu cha Jiografia: kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, akipigia mstari kila sentensi yenye tarakimu.

Mfano uko hapa hapa ziwani. Kitabu cha shule kinaweza kuandika: "Gugumaji lilidhibitiwa katika Ziwa Victoria kwa kutumia fukusi." Sentensi fupi, safi, na mtoto anaikariri. Wenyeji wa Dunga, ufuo wa hapa Kisumu, tunajua habari ni ndefu zaidi, hasa kila upepo unapolirudisha gugu ufuoni na boti zikashindwa kutoka. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini. Ulienea ziwani katika miaka ya 1990 hadi ukafunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, upande wetu wa ziwa. Fukusi, wadudu wadogo wa jenasi ya Neochetina, nao wa kutoka Amerika Kusini, waliachiliwa katika miaka hiyo hiyo ili waule. Kisha gugu likapungua kwa kasi. Lakini kati ya mwisho wa 1997 na katikati ya 1998 zilikuja mvua za El Niño, pamoja na mawingu mazito yaliyopunguza mwanga wa jua. Je, gugu liliuawa na wadudu au na hali ya hewa?

Mwaka 2005 jarida la Aquatic Botany lilichapisha makala ya Williams na wenzake, waliosema hali ya hewa ya El Niño ilikuwa na sehemu kubwa katika kupungua huko. Mwaka 2007 jarida lile lile likachapisha makala ya Wilson na wenzake, waliotetea fukusi kuwa ndio sababu. Toleo hilo hilo likabeba jibu la Williams na wenzake. Wote ni wasomi, na ziwa walilolizungumzia ni moja.

Mpe mwanafunzi msomaji wa makini makala ya Wilson ya 2007 peke yake. Atakurudishia muhtasari mzuri: fukusi ndio waliomaliza gugu. Alama zote. Msomaji wa kina ataona kwamba makala hayo ni jibu, yaani kuna mtu aliyesema vingine kabla yake, na atataka kujua ni nani. Ataangalia kila upande umeegemea nini: tarehe za kupungua kwa gugu katika sehemu mbalimbali za ziwa, idadi ya wadudu, mwanga, mawimbi. Ataona pia kwamba swali la "nini kiliua gugu" si sawa na swali la "nini kiliharakisha kifo chake", na kwamba watu wawili wanaweza kubishana kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Pengine mwishoni bado hatajua nani yuko sahihi, na hilo halipunguzi usomaji wake hata kidogo.

Hapo ndipo mwendo unapokosa maana. Unaweza kusoma kwa kina kwa haraka. Msomi mzoefu akipewa makala mapya hasomi kwa mpangilio: anapitia ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, anaruka hadi kwenye michoro na majedwali, anaenda kwenye mjadala, halafu anarudi kwenye mbinu kuangalia kama kazi ilifanywa vizuri. Kurasa nyingine hazisomi kabisa. Mwanafunzi wetu akifanya hivyo kwenye prepu, kipindi cha kujisomea, mwalimu wa zamu atamwambia aache kuchezea kitabu.

Na usomaji wa kina unajali maneno madogo kuliko maneno makubwa. Watoto wetu wanapigia mstari istilahi ngumu, wanatafuta kamusi, wanaandika maana pembeni. Istilahi ngumu aghalabu ndiyo rahisi, maana ina maana moja. Kazi iko kwenye "huenda", "inaashiria", "inahusishwa na", "kwa kiasi fulani". Mtafiti anayeandika kwamba jambo moja linahusishwa na jingine hajasema kwamba linalisababisha, na amelipima neno hilo kwa mizani ya dhahabu kabla ya kuliweka. Mwanafunzi anapofupisha, "linahusishwa na" hugeuka "linasababisha", na "huenda" hutoweka kabisa kwa sababu tulimfundisha kwamba ufupisho ni kuondoa maneno yasiyo ya lazima. Kidogo tu, na dai jingine kabisa limezaliwa.

Majina na miaka iliyotiwa katika mabano nayo wanayaruka, wakiyaona kama vumbi la barabarani. Kumbe mabano hayo ndiyo njia ya mazungumzo. Ukitaka kujua mwandishi anamuunga mkono nani na anambishia nani, fuata mabano. Haya hayahusu makala ya Kiingereza pekee. Fungua Mulika, jarida la TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utakuta ikisiri, mabano na marejeleo yale yale, na ubishi wa kitaaluma katika Kiswahili sanifu.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko inatoka kwetu walimu wa Kiswahili. Neno hili "kina" tumelitumia zaidi kwenye fasihi, kwa riwaya na tamthilia teule: maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Kwa hiyo mwanafunzi anajua kuhoji kwa nini mhusika alidanganya, lakini hajui kuhoji aya ya kitabu cha Historia, kana kwamba kina ni cha hadithi na vingine vyote ni vya kumeza. Kundi la kwanza la CBE, mfumo mpya wa elimu ya umilisi, liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, likagawanyika katika mikondo mitatu, na aliyechagua Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati anahitaji ustadi huu sawa na aliyechagua Sayansi za Jamii. Mwalimu wa Fizikia anaweza kuufundisha. Wengine wanaufundisha tayari bila kuuita jina.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayeandika ubaoni "Someni Sura ya Tatu yote kwa kina, kesho nitauliza maswali", futa neno moja tu uandike "kwa makini". Ni agizo zuri na litatekelezeka. Siku utakapotaka kina, punguza kurasa zibaki mbili, kipindi cha dakika 40 kinatosha, na usiwaulize mwandishi amesema nini. Waulize angelazimika kufuta sentensi ipi iwapo mtu angemletea ushahidi kwamba amekosea.